Kushuka Bila Ruhusa

Kasmiri hakumwamkia Yunusi, ingawa Yunusi alimzidi umri kwa mbali. Wapagazi wote waliokusanywa Ifakara waliliona hilo. Yunusi alikuwa mnyapara wao, mtu wa pwani aliyewatumikia Wajerumani tangu kabla ya Maji Maji. Siku wapiganaji walipolivamia boma la Mahenge, yeye alikuwa ndani, akiwapelekea askari risasi. Teofili, mdogo wake Kasmiri, alikuwa nje, na hakurudi.

Sasa vita vilikuwa vimekwisha, na Mjerumani mmoja mpima ardhi alitaka watu wa kumbebea mizigo hadi Kilimanjaro. Kasmiri hakuiomba kazi hiyo. Askari walimtoa shambani kwake Namawala akiwa palizini.

Yunusi aligawa mablanketi, kisha akasema, "Nimewahi kupanda kule. Hewa yake ni nyepesi, haimtoshi mtu wa bondeni. Nendeni polepole, kama mnasindikiza maiti. Kunyweni maji mara kwa mara, hata bila kiu. Kichwa kikigonga na chakula kikikataa kukaa tumboni, usifiche. Dawa ni moja tu, kushuka."

"Maji," alisema Kasmiri. "Mdogo wangu naye aliambiwa maji yatamkinga. Nyinyi mkamsubiri na bunduki."

"Sisemi habari za bunduki. Nasema habari za mlima."

"Sitaki wosia wako juu ya lolote."

Kasmiri akamwaga maji ya kibuyu chake miguuni pa mnyapara. Yunusi alikishika kiboko, lakini hakukiinua.

Safari ilikuwa ndefu, na Kasmiri alilala mbali na moto wa Yunusi. Hata hivyo, walipoanza kupanda mlima, alikunywa maji kila waliposimama. Alikunywa amempa mgongo mnyapara, asije akamwona.

Juu ya msitu, Mjerumani aliona anga limetakata, akakataa kupumzika. Akatangulia na askari wake. Yunusi alipanda na kushuka kando ya msafara akiwahimiza watu, na ushauri wake mwenyewe akausahau. Alitapika nyuma ya jiwe, akafuta mdomo, akaendelea. Baadaye miguu ikapishana kama ya mlevi. Akaketi kwenye mawe yenye barafu, midomo imekuwa rangi ya majivu, akaanza kumwita mkewe Mwanamvua alete uji.

"Mwache alale," alisema Raimundi, mpagazi mwenzake Kasmiri. "Nani atajua?"

Kasmiri alisimama akimtazama. Mara nyingi alikuwa amekitamani kifo cha mtu huyu, lakini katika mawazo yake Yunusi alikufa akijua kwa nini. Huyu hakujua hata yuko wapi. Kasmiri alisikia hasira, kana kwamba ameibiwa. Akautua mzigo wake, akamwinua.

"Ulisema dawa ni kushuka. Shuka, mbwa wewe."

Alimkokota hadi kambi ya jana ukingoni mwa msitu, akamkorogea uji. Huko pumzi ya Yunusi ikatulia, na akili ikamrudia.

"Kwa nini wewe?" aliuliza.

"Nyamaza, kunywa uji."

Mjerumani aliposhuka alikuwa amefura. Mzigo ulioachwa juu ulikuwa na vyombo vya kupimia; ulibingirika mawemawe, na viwili vikapasuka. Akauliza nani aliyetoa ruhusa ya kushuka.

"Mimi, bwana," alisema Yunusi. "Nilimwamuru."

"Mwongo," Kasmiri akadakia. "Hakuwa na akili ya kumwamuru mtu. Nimeshuka kwa kupenda kwangu."

Mjerumani akamwagiza mnyapara amchape. Yunusi akakiweka kiboko chini, akasema mikono yake haina nguvu. Askari akakiokota, akaifanya kazi hiyo hadi mgongo wa Kasmiri ukavuja damu. Muda wote Kasmiri alimkazia macho Yunusi, na Yunusi hakuyakwepa.

Walipoanza safari ya kurudi, mgongo wa Kasmiri haukuweza kubeba kitu. Yunusi akauinua mzigo wa Kasmiri, akajitwika kichwani. Wapagazi walishangaa, maana mnyapara habebi.

Kasmiri akaja kutembea kando yake.

"Hata ukiubeba mpaka Ifakara," alisema, "nitakuchukia vilevile."

"Najua," alisema Yunusi, akauweka mzigo sawa, wakaendelea kuteremka.