Kamba ya Nguo Kati ya Kitengela na Riyadh

Jumamosi ilikuwa zamu ya Aketch kutumia kamba ya nguo katika ploti yao ya nyumba za kupanga, Kitengela. Alikuwa ameanika mashuka mawili alipokuta upande wa pili kanzu nyeupe za kiume, bado zinadondosha maji. Akazisukuma kando apate nafasi. Nyuma ya kanzu hizo alisimama bintiye Maryanne, ambaye alikuwa Riyadh akifanya kazi za nyumbani tangu mwaka juzi.

"Umekonda," Aketch alisema.

"Ongea pole pole, Mama. Madam yuko chini."

Kutoka uwanja wa ndege wa Nairobi hadi ule wa Riyadh ni zaidi ya kilomita elfu tatu. Asubuhi hiyo umbali huo ulikuwa umepungua ukawa upana wa shuka. Ndung'u, keateka anayetunza ploti, alikuja kuangalia na hakupendezwa.

"Mama Maryanne, hii kamba ni ya wapangaji. Hao Waarabu waanike kwao."

"Si wako kwao?"

Ndung'u akaangalia vizuri, akaona ni kweli, akaenda zake.

Aketch alipitisha sahani ya ugali na omena. Ilifika ikiwa moto. Kisha akashika mkono wa bintiye, wenye alama mbichi ya pasi ya nguo.

"Vuka."

Maryanne aliinama chini ya kamba, akapiga hatua. Umbali ukarudi wote chini ya mguu wake. Ua lilirefuka, ukuta wa ploti ukasogea mbali, na Maryanne akawa mdogo kama kibanio cha nguo. Upande wa Riyadh, viatu vilisikika vikipanda ngazi.

"Rudi! Rudi haraka!" Aketch aliita.

Maryanne akaurudisha mguu. Ua likajikunja, naye akainua beseni lake la nguo akihema.

Aketch alimpigia simu Kiema, ajenti aliyempeleka Maryanne Riyadh. Alifika mchana kutoka Kajiado mjini, akaitikisa kamba, akasema haoni tatizo.

"Chakula hakihitaji pasipoti. Mtu anahitaji. Na ya Maryanne, madam ameifungia kwa kabati mpaka mkataba uishe."

"Mkataba uliisha Desemba, Kiema."

"Basi hapo ni yeye na madam."

Wakati huo mwanamke aliyevaa pete nyingi, madam mwenyewe, alichungulia kati ya nguo. Aliitazama ploti, akawatazama Aketch na Kiema, akatabasamu kwa adabu. Akasema maneno machache kwa Kiarabu. Maryanne, aliyesimama kando yake, aliyatafsiri huku akiangalia chini.

"Anakusalimia, Mama. Anauliza kama uko na msichana mwingine. Anasema sasa ni karibu."

Kiema alitoa kalamu mfukoni. Ndani ya nyumba ya Aketch, Amolo, dada mdogo wa Maryanne aliyemaliza shule majuzi, alizima redio ili asikie vizuri.