Kisigino cha Clémence

Kwa miaka kumi na sita Clémence Aubrac alikuwa mwanamume jukwaani. Ndiyo ilikuwa desturi ya jumba la opera pale Paris: katika baleti ya kuchekesha, kijana mchumba huchezwa na mwanamke aliyevaa suruali. Msimu huu mkurugenzi akabadili mawazo. Nafasi akapewa Rémi, mwanamume kwelikweli, na Clémence akaambiwa amfundishe, kisha yeye avae aproni asimame na wanakijiji. Rémi akivurunda onyesho la kwanza, mkurugenzi alisema, suruali inarudi kwako.

"Nimeshaipiga pasi," Berthe, mvishaji wake, alimnong'oneza. "Yule bwana leo hachomoki."

"Koma, Berthe. Usinitie majaribuni."

Odile, aliyecheza binti mwenye kuposwa, akapita akamfinya shavu. "Mume wangu, ndiyo umeniuza kwa huyu?"

"Umepata bora, mke wangu. Ana misuli."

Wakacheka, lakini moyo wa Clémence ulikuwa unauma vibaya.

Onyesho likaanza, na mambo yakaenda vizuri hadi tukio la dirishani. Hapo binti, akimtoroka mama yake, hujirusha kinyumenyume kutoka dirisha la juu, na mchumba humdaka chini. Odile akakaa dirishani, mgongo kwa watu. Rémi akanyoosha mikono barabara. Muziki ukafika. Odile hakuruka.

Kiongozi wa okestra akarudia kipande kile. Odile bado kang'ang'ania fremu.

Hapo ndipo Clémence, akingoja pembeni ya jukwaa na kikapu chake cha mwanakijiji, alipoelewa. Alimfundisha Rémi mikono, magoti, hata pumzi. Kisigino alikisahau. Miaka yote, kabla Odile hajaruka, kisigino cha Clémence kiligonga ubao mara mbili kumwambia niko hapa, na hata mazoezini kiligonga chenyewe, pale pembeni alipokuwa akifundisha. Odile alikuwa anakisubiri bila kujua anasubiri nini.

Akitulia tu, kesho suruali ni yake. Nani angemlaumu, na hakuna aliyejua? Aliitaka ile suruali kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Okestra ikarudia mara ya tatu. Watu wakaanza kukohoa.

Clémence akagonga mara mbili.

Odile akajiachia, akaangukia mikononi mwa Rémi, salama. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, wakidhani kule kusita ni sehemu ya mchezo. Juu ya bega la Rémi, Odile alikuwa anamtafuta mtu kwa macho. Wanakijiji wakaingia mbio kuwacheka wachumba, kama ilivyopangwa, na Clémence akaingia nao, kikapu mkononi, akacheka kuliko wote.