Kopo Tulilogawana

Wanawake wanaokuja kwangu kusukwa nywele huniuliza swali lile lile, na mimi huwajibu kwa ukali ule ule. "Mama Laurette, siri yako ni nini?" Nina miaka thelathini na minane, na wapo wanaonikadiria ishirini na sita. Nawaambia siri hakuna. Vaeni kofia. Laleni mapema. Kunyweni maji, mule sombe, majani ya muhogo, na samaki, muache sigara. Pakeni mafuta ngozi ikiwa bado na maji, na mwenye uwezo akanunue krimu ya kuzuia jua famasi. Anzeni sasa mkiwa vijana, msingoje mikunjo ndipo mnijie mbio. Basi wananuna. "Ni hivyo tu?" Wanataka kopo. Kila mtu anataka kopo, na neno hilo likitajwa mimi hupandwa na hasira ambayo wao hawajui inatoka wapi.

Mambo hayo alinifundisha bibi yangu Thérèse, mzaliwa wa Mpala, ambaye sote tulimwita Nkambo. Alikuwa anakausha ndagala, dagaa wa ziwani, pwani ya hapa Kalemie, na siku za likizo alituchukua mimi na Chancelle, binti wa jirani, tukamsaidie kutandaza. Chancelle na mimi tulizaliwa mwaka mmoja, tukaketi benchi moja tangu darasa la kwanza. Ukimwita mmoja, waliitika wawili.

Huku kwetu jua hutokea ziwani, upande wa Kigoma, na asubuhi huwapiga usoni wanawake walioinama mchangani. Wenzake Nkambo walitandaza wakielekea ziwa, wapate kuona mitumbwi inayorudi na umbea unaoshuka nayo. Nkambo alitandaza kinyumenyume. "Mulipe ziwa mugongo," alituambia kwa Kiswahili chetu cha huku, chenye njo badala ya ndiyo na ba badala ya wa. "Mitumbwi itafika hata musipoiangalia." Walimcheka mpaka wakachoka. Lakini alipofika miaka sitini paji lake la uso lilikuwa laini kama la msichana, na yeye alilijua hilo vizuri, maana siku za Jumapili alifunga kitambaa nyuma kabisa ili watu wote kanisani walione.

Tukimaliza kazi tulioga, na kabla hatujajikausha alitupaka mafuta meusi ya kokwa za mchikichi, aliyoyapika mwenyewe. Yalinuka moshi. Shuleni tulionea haya harufu ile, tukakaa dirishani makusudi. Leo ningetoa kitu kikubwa kuisikia tena mgongoni mwa Chancelle, sisi wawili tukikimbia kurudi nyumbani na miguu yetu inang'aa. Nazitamani asubuhi zile kuliko ninavyoutamani ujana wenyewe.

Na Chancelle alikuwa mzuri. Nilisema hivyo hata siku nilizomwonea kijicho. Alikuwa mweusi wa kung'aa, weusi usio na doa, na alipocheka watu waliacha walichokuwa wakisema.

Tulipotimiza miaka ishirini na mmoja, Odile wa kwaya yetu alitangaza harusi, akatuchagua sisi wawili tumsindikize. Wiki hiyo hiyo alishuka botini mchuuzi mmoja na shehena ya makopo mekundu ya krimu. Alisema msichana akianza mapema kupaka krimu ile, haoni mkunjo mpaka aitwe nkambo na wajukuu zake. Tulikuwa tayari na Nkambo nyumbani, mwenye paji lile, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kumuuliza. Tulichanga, tukanunua kopo moja, tukagawana kwa kijiko. Nusu yangu niliiweka ndani ya mkebe wa maziwa ya unga.

Siku ya tisa kiwiko changu kiliwaka moto. Ngozi ya upande wa ndani ilikuwa inatoka vipande. Nkambo aliniona nikijikuna wakati wa kula. Hakupiga kelele. Aliutafuta mkebe, akaunusa, akaenda kuumwaga chooni. Akaniosha mkono, akaketi mbele yangu.

"Ngozi njo nguo moja Mungu alikupa, haiko ingine," akasema. "Ukiichuna, utavaa nini? Kesho asubuhi uende kumwambia mwenzako."

Nilikwenda. Naapa nilikwenda. Lakini nilipofika mlangoni kwao nilikuta wanawake wa kwaya wamemzunguka Chancelle. Krimu siku za kwanza humpa mtu mng'aro wa uongo, na yeye ulimkaa vizuri ajabu. Walimgeuza huku na huku, wakamsifu mashavu, wakamwuliza anapaka nini. Mimi niliyesimama mlangoni na mkono umefungwa kitambaa hakuna aliyenitupia jicho. Wivu ulinikaba. Nikajiambia nitamwambia kesho. Nikarudi nyumbani, na Nkambo aliponiuliza kama nimefikisha ujumbe, nikasema ndiyo.

Kesho haikufika. Harusi ilipita, yeye akanunua kopo lake zima, halafu lingine. Mkono wangu ulipona kwa mafuta meusi, nami nikarudi kwenye kofia na usingizi, nikawa mtu wa busara. Kila mwezi uliopita ulifanya neno lile liwe zito zaidi kulisema. Majuto ni mjukuu, wanasema wazee. Wangu alizaliwa mapema. Chancelle akaolewa na Barnabé, fundi wa kiwanda cha saruji Kabimba, akahamia huko. Nkambo alifariki akiamini kwamba mjukuu wake ni mtu anayetumwa na kufika.

Nilipomwona Chancelle tena, miaka minne ilikuwa imepita tangu kopo lile. Mashavu yake yalikuwa na mabaka, hapa pekundu, pale peusi kama pameungua. Ngozi ya mikono ilikuwa nyembamba, na kidonda kidogo cha kisu kilikuwa hakijafunga kwa mwezi mzima. Alikuwa ameshaacha krimu kwa amri ya daktari. Akanitazama usoni, akatabasamu bila kinyongo.

"Mimi baliniuzia ya bandia," akasema. "Ile ya kwanza tuligawana njo ilikuwa ya kweli. Si unaona sura yako?"

Ningeweza kusema palepale. Nikamwuliza habari za mtoto.

Sasa ni mwaka huu. Chancelle alirudi Kalemie mwezi uliopita, kwa ajili ya masomo ya binti yake Glodie, mwenye miaka kumi na sita. Jumamosi, siku ya posho kama tunavyoiita, wakanijia nikiwa namalizia kichwa cha mteja wangu Julie. Julie ni mtu mwema, ila mdomo wake hutangulia akili. Akawatazama wakiingia, akanigeukia.

"Mama Laurette, huyu njo mama yako mukubwa?"

Nilimvuta nywele bila kukusudia. Chancelle akawa wa kwanza kucheka.

"Hapana, mama. Njo mwenzangu. Sisi ni ba mwaka moja."

Julie alilipa na kutoka bila kujitazama kwenye kioo. Nikawakaribisha, nikawapa viti, nikaanza kufagia nywele ambazo tayari nilikuwa nimeshazifagia.

"Nimekuletea mutoto," Chancelle akasema. "Umufundishe ile yote unafundisha bengine. Mimi hanisikii. Ananiangalia huku usoni, anaona sina cha kumwambia."

Glodie alikuwa ameketi wima, mikono mapajani. Nilipomtazama nikauweka ufagio chini. Alikuwa Chancelle wa pwani, Chancelle wa miguu inayong'aa, weusi ule ule usio na doa. Nikaanza maneno yangu ya kila siku, kofia, maji, usingizi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akafungua mfuko wake wa shule, akaweka juu ya meza kopo jekundu.

"Mama Laurette, ile yote nitafanya," akasema. "Lakini hii njo ile yenyewe mulitumiaka na Mama. Ya kweli. Nilitafuta soko muzima, ba mama tatu banionyesha ya bandia, nikakataa."

Chancelle aligeuka. "Glodie, mimi nilikuambia ununue ile kitu?"

"Uliniambia ya bandia njo ilikuharibu. Ukasema ya kweli njo ilimupa Mama Laurette hii sura." Mtoto hakuwa na ujeuri. Alisema kama anayesoma somo alilohifadhi. "Mimi nataka nibakie kama yeye."

"Umepaka siku ngapi?" nikauliza.

"Tano."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Na hata katika hofu ile, msomaji wangu, akili yangu ilitafuta kichochoro. Ningeweza kusema, hili nalo ni la bandia, litupe. Mtoto angeniamini, Chancelle angebaki rafiki yangu, nasi tungekunywa chai. Lakini namjua msichana anayetafuta soko zima. Angetoka kwangu akaanze kulitafuta la kweli, na uso wangu ungekuwa ndio ushahidi wake. Miaka kumi na saba nilidhani nimenyamaza kwa mtu mmoja tu.

Nikapiga moyo konde. Nikapandisha mkono wa blauzi.

"Glodie, angalia hapa." Ndani ya kiwiko bado nina alama, ndogo, kama ramani ya kisiwa. "Mimi nilipaka siku tisa. Ya kumi sikupaka tena mpaka leo. Hii sura haitoke mu kopo. Ile ya bandia haiko, na ile ya kweli haiko. Njo kitu moja, tuligawana na kijiko."

Glodie aliutazama mkono wangu, kisha uso wa mama yake, akarudi tena mkononi.

"Tisa?" Chancelle akasema.

"Nkambo aliniona. Alinituma asubuhi nikuambie uache. Nilifika mpaka ku mulango yenu." Nikaushusha mkono wa blauzi. "Ba mama ba kwaya balikuwa banakusifu. Nilikuonea wivu, Chancelle. Nikarudi. Nkambo nikamudanganya, na wewe nikakudanganya mpaka leo."

Chancelle hakunitukana. Ningefurahi angenitukana, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi miaka yote hiyo. Aliiweka mikono yake juu ya meza, ile mikono myembamba, akaitazama kama ya mtu mwingine.

"Wewe siku tisa," akasema polepole. "Mimi miaka ine."

Akainuka, akafunga kitenge vizuri kiunoni. Glodie alilisukuma kopo mbali naye kwa ncha ya kidole, akamfuata mama yake. Walitoka bila kuaga. Nililimwaga chooni peke yangu, kisha nikafunga mlango na kuwarudisha wateja wawili waliokuwa na miadi.

Jumamosi iliyofuata hawakuja. Wala ile nyingine. Niliwahi kupita mtaa wao nikiwa na kisingizio cha vitunguu, nikamwona Chancelle uani anaanika nguo, nikageuza njia. Wanawake waliendelea kuketi kwenye kiti changu na kuniuliza siri. Mmoja niliyemjibu vibaya sana hajarudi hadi leo, na ana haki yake.

Jumamosi ya tatu mlango ulibishwa mapema, sijafungua kazi. Alikuwa Glodie, peke yake. Nilitazama mikono yake kabla ya uso. Ilikuwa mizima.

"Mama anasema hajakusamehe," akasema akiwa bado amesimama kizingitini. "Alisema nianze na ile kwanza, mbele ya kukusalimia."

"Nimesikia," nikasema.

"Anasema hajui kama atakusamehe. Labda ndiyo, labda hapana."

"Nimesikia, mwanangu."

Aliingia, akavua viatu, akasimama katikati ya chumba bila kujua aweke wapi mikono. Ilionekana bado ana neno na analionea haya.

"Anasema tena nikuje kwako kila siku ya posho. Hapana kwa mafuta." Akaificha mikono nyuma. "Photo yake ya zamani haiko hata moja. Papa hakumujua mbele ya ile krimu. Anasema nikuulize vile alikuwa. Anasema hapa Kalemie muntu mwenye alimuangalia muzuri kupita bote, njo wewe."

Nililia mbele ya mtoto yule, sikujificha. Kisha nikamvutia kiti karibu na changu, nikaanza na siku moja pwani, mama yake ana miaka kumi na minne, ametoka majini anacheka.