Ufa wa Chumba cha Dawa

Maji yalikuwa yamekauka sakafu nzima ya chumba kidogo isipokuwa mstari mmoja, mwembamba kama unywele, uliotoka mlangoni ukaishia chini ya dirisha. Mukasine alisimama akiutazama, ufagio mkononi. Akapitisha kidole cha mguu juu yake. Ukucha ukanasa kidogo.

Ilikuwa mwaka wa 1954, Nyamitaba, katika dispensari mpya ya misheni: chumba kikubwa cha wagonjwa, na ndani yake chumba kidogo cha kuwekea dawa. Simenti ilikuwa imemwagwa siku kumi zilizopita. Kazi ya Mukasine ilikuwa kuteka maji mtoni na kuilowesha asubuhi na mchana, chini ya majani ya migomba, isije ikakauka kwa haraka. Kesho yake ndipo yangeanza kuwekwa makaro mekundu, yale ya kutandika sakafuni, yaliyoletwa kwa lori kutoka Goma yakiwa yamezungushiwa nyasi kama mayai.

Papa Hilaire, fundi mkuu, alikuwa amempa Mukasine jina la Redio, kwa sababu redio ya padri ilikuwa imeisha betri tangu Pasaka na haijasema kitu, kama yeye.

"Redio," alisema akiingia na ubao wake wa kupimia, "umesimama kama muntu iko mu misa. Unaona nini?"

"Ufa."

Papa Hilaire akamgeukia Honoré, msaidizi wake. "Umesikia? Leo imesema. Neno moja tu, na njo hilo."

Lakini alipopiga magoti na kugonga sakafu kwa mpini wa nyundo, kicheko kilimwisha. Mwaka uliopita, kule Mushaki, aliweka makaro juu ya ufa kama huo, akidhani yataufunika. Haikupita miezi miwili, makaro yakapasuka yakiufuata ule mstari wa chini, moja baada ya jingine. Padri alimwambia kwamba hii ya Nyamitaba ikipasuka nayo, fundi mwingine ataitwa.

"Muchanga huu uko na udongo," alisema. "Honoré, uliuchekecha mara ngapi?"

"Mara mbili, Papa."

"Na chekeche, ao na macho?"

Honoré alikuwa kijana mrefu kutoka misitu ya Walikale, aliyepanda milima kuja kujifunza ujenzi. Kila siku alitaniwa kwamba kwao wanajua miti na nungu tu, naye kila siku alijibu kwamba watu wa huku Masisi wakikosa maziwa siku moja wanalia. Leo aliinama akaupapasa ufa.

"Kama muchanga ni mubaya, sakafu yote ni mbaya," alisema Papa Hilaire polepole. "Tutavunja vyumba vyote viwili. Na padri atauliza nani alichekecha." Akajipangusa magoti. "Utarudi kwenu Jumamosi, kaka. Utanitumia nyama ya nungu."

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Mukasine alijua kwamba mchanga ulikuwa safi. Aliijua hata siku yenyewe iliyouzaa ufa. Ilikuwa siku ya pili baada ya simenti kumwagwa. Alirudi mchana na ndoo kichwani, akamkuta Honoré amelala katika mlango wa chumba kidogo, mgongo kwenye mwimo mmoja, nyayo kwenye mwimo wa pili. Msichana haruki miguu ya mwanamume. Hilo mama yake alikuwa amemfundisha kabla hajamfundisha kukoroga ugali. Na kumwamsha kulitaka sauti. Basi chumba kikubwa kilikunywa, kidogo kikabaki na kiu, upepo wa dirishani ukapeperusha majani, jua likaingia mpaka simenti ikawa nyeupe. Kesho yake alimwaga ndoo mbili zaidi, akidhani simenti husamehe.

"Muchanga si mubaya, Papa," alisema.

Wote wawili wakageuka.

"Kule kwenye chumba kikubwa hakuna ufa. Na muchanga ni ule ule."

Papa Hilaire akatoka kwenda chumba kikubwa. Walimsikia akigonga, hatua, akigonga, hatua, mpaka ukuta wa mwisho. Aliporudi alikuwa ameinua nyusi.

"Basi ni nini?"

"Ni maji. Siku ya pili sikumwaga humu."

"Sababu?"

"Kulikuwa miguu."

"Miguu ya nani?"

Mukasine akatazama chini, lakini macho yake yalifika mahali fulani kabla hayajafika chini. Honoré akaitazama miguu yake kama mtu aliyeletewa ya jirani kwa makosa.

"Kumbe mimi njo nilipasua sakafu?" aliuliza.

"Tena ukiwa umelala," alisema Papa Hilaire. "Siku ukiamka je?"

Akamtupia patasi. Wangeupanua ufa, wautoe vumbi lote, waulowanishe, waujaze simenti nzito, na kuufunika majani mabichi siku saba. Kisha wangepaka tope jembamba juu yake na kungoja: tope likipasuka, ufa bado unatembea, likibaki zima, makaro yawekwe.

"Makaro itangoja. Padri nitamuambia mwenyewe," alisema. "Na wewe, kaka, unabaki. Lakini utatafuta kitanda kingine."

Honoré akainama, akaanza kugonga patasi taratibu. Papa Hilaire alikaa juu ya sanduku la makaro, akiwa ametulia sasa, na utani ukamrudia.

"Lakini Redio, ungemuita tu. 'Kaka, toa miguu.' Maneno tatu. Badala ya kusema maneno tatu, ukaona heri urudi nyumbani?"

"Sikurudi nyumbani."

Patasi ikanyamaza.

"Ulienda wapi?"

Mukasine alishika ufagio kwa mikono miwili.

"Nilikaa pale, kando ya ndoo, mpaka jua likashuka. Nilikuwa naangalia namna analala, Papa. Niliogopa ataamka."