Tramu Iliyosimama Nyuma

Hapa mjini Łódź anayekwenda kwenye mtihani hutakiwa heri kwa kuambiwa, "Kalamu yako ivunjike," naye hatakiwi kushukuru, bahati itakimbia. Nilipomwambia hivyo, Jagoda, mjukuu wangu, alijibu, "Asante, Bibi," kisha akaziba mdomo kwa viganja. Alikuwa anarudia mtihani wa fizikia. Akishindwa tena, anabaki darasa lilelile mwaka mzima.

Nilikaa kwenye benchi la korido, nimeshika mkoba wake. Mlango wa chumba cha mtihani ulikuwa wazi kwa sababu ya joto la Agosti, nami, sikufichi, nilisikiliza.

Mbele ya walimu watatu Jagoda alichomoa karatasi ya swali, akasoma. Tramu inakwenda mita kumi na mbili kwa sekunde. Dereva anafunga breki, na kila sekunde mwendo unapungua kwa mita moja na nusu kwa sekunde. Itakwenda umbali gani hadi isimame?

Tramu! Mimi nimeendesha tramu, gari la reli la mjini, miaka thelathini na moja.

Chaki ikakwaruza ubaoni.

"Mita arobaini na nane," akasema. "Ila... hasi."

"Hasi?" akauliza Bwana Wieczorek, mwalimu wake. "Yaani umefunga breki hapa, tramu ikasimama kule nyuma? Abiria wanasemaje, binti?"

"Wameshukia kituo walichopandia, mwalimu."

Wakacheka, lakini Jagoda aliendelea kukodolea macho ubao. Mwalimu wa kike aliyekaa pembeni akamsogezea glasi ya maji.

"Kunywa kwanza. Hatuna haraka."

Nilimpenda mama yule papo hapo. Mimi nilikuwa nauma ukanda wa mkoba nisije nikapiga kelele.

Jagoda akanywa. Akapanua miguu, akavuta mpini wa breki usioonekana, kiwiliwili kikainama mbele kama cha abiria breki zinapokaza.

"Aa! Breki inavuta kinyume na mwendo! Nami nimeijumlisha. Inatakiwa alama ya kutoa." Akafuta, akaandika. "Arobaini na nane, mbele."

"Kwa muda gani?"

"Sekunde nane."

Bwana Wieczorek, aliyeijua kazi yangu, akachungulia koridoni. "Dereva aliyeko huko nje anakubali?"

Nikaitikia kwa kichwa, nimeona haya.

Baada ya robo saa Jagoda alitoka mbio. "Bibi, nimepata mbili!"

Kwetu mbili ndiyo alama ya chini kabisa ya kufaulu. Nikambusu paji la uso lenye vumbi la chaki, kana kwamba amepata sita, alama ya juu kabisa.