Tangazo la Tanzila

Tangu duka la Mikindani lifungwe, Tanzila binti Mohsinali hakujua aifanyie nini mikono yake. Ilikuwa imezoea kitambaa. Hata akiketi barazani kule Magomeni ya Mtwara, kwenye chumba na sebule alichopanga baada ya mumewe kutangulia mbele ya haki, vidole vyake vilipapasa pindo la mtandio kama vinavyopima uzito wa kanga mpya.

Duka lilikuwa la babu yake, likawa la baba yake Mohsinali, kisha likamwangukia yeye, kwa kuwa kaka yake Arsalan alihamia Dar es Salaam zamani na hakurudi ila kwa misiba. Lilikufa polepole. Wateja walianza kupitiliza kwenda mjini Mtwara, mmoja leo, mwingine kesho, mpaka ikawa siku nzima inapita na anayeingia ni paka tu. Mwenye jengo alipolitaka jengo lake, Tanzila hakubisha.

"Njoo Dar, utakaa nasi," Arsalan alimwambia kwenye simu.

"Nikae nifanye nini, kaka? Niwalindie mlango?"

Alizunguka mjini akiulizia kazi duka kwa duka, akarudi na visigino vinavyouma. Jirani yake Asha, aliyekuwa akikaanga maandazi uani, alimtazama akivua viatu, akatikisa kichwa.

"Jirani, siku hizi kazi haitafutwi kwa miguu. Mdogo wangu kapata ya hotelini kupitia Facebook, kule Jamvi la Wanamtwara. Andika na wewe. Usione haya."

Haya alikuwa nayo, lakini aliandika. "Assalaam alaykum wanajamvi. Naitwa Tanzila Mohsinali, naishi Magomeni. Natafuta kazi ya kuuza dukani. Nimeuza vitambaa Mikindani tangu nikiwa msichana." Picha yake nzuri ya karibuni hakuwa nayo, basi akaweka ya zamani: yeye na baba yake mlangoni mwa duka, nyuma yao kanga zimening'inizwa mpaka dari.

Majibu ya kwanza yalimchoma. "Mhindi naye anaomba kazi? Kiama kimekaribia." "Dada, sisi wenye digrii tumekaa vijiweni, wewe utapata wapi?" Chini yake vikapangana vikatuni vya kucheka mpaka machozi.

Tanzila alimpelekea Asha simu. "Nifutie. Sitaki tena."

"Maji yakimwagika hayazoleki," Asha alisema, unga umemjaa viganjani. "Waache wacheke, watachoka."

Hawakuchoka wao, walifunikwa. Jioni ile mtu mmoja aitwaye Emmanueli aliandika: "Jamani, hili si duka la Mzee Mohsinali? Hapo ndipo mama alinunua kitambaa cha shati langu la komunio ya kwanza." Akafuata mwingine: "Mzee alikuwa akikusalimu kwa Kimakonde. Ukimjibu kwa Kiswahili, anakuuliza kama umepotea njia." Mwingine akamkumbuka mama yake, Jenabai, aliyewapa watoto wa madrasa sharubati ya ukwaju kupitia dirisha la nyuma. Hata kutoka ng'ambo ya Ruvuma, bwana mmoja, Kasiani, aliandika kwamba mama yake alivuka mto pale Kilambo kuja kuchagua kanga za harusi za dada zake, na kwamba moja bado ipo, imechakaa lakini haijatupwa.

Tanzila alisoma yote, akarudia. Harufu ya kanga mpya ilimjia puani, ikichanganyika na udi ambao mama yake aliufukiza kila Alhamisi. Alisikia mkasi wa baba ukikata kitambaa kwa mkupuo mmoja, bila kusita katikati. Akakumbuka msimu wa korosho, familia nzima zikishuka kutoka vijijini, watoto wamepangwa barazani wakijaribisha ndala, kila mmoja akikanyaga sakafu kwa kishindo ili asikie zinavyolia. Alicheka peke yake, kisha akajikuta anajifuta macho kwa mtandio.

Kumbukumbu zilimiminika, lakini kazi haikuja hata moja. Ndipo ukaingia ujumbe mfupi wa faragha.

"Tanzila, ni mimi Mwanahamisi, niliyekuwa kwenu. Nina duka hapa mjini, Ufukoni. Njoo Jumatatu tuongee."

Mwanahamisi! Alikuja kwao akiwa binti mdogo kutoka kijiji cha mihogo na mikorosho, kumsaidia Jenabai jikoni. Alimzidi Tanzila miaka michache tu. Ndiye aliyemfundisha kucheza rede, na kutafuna korosho changa bila kuunguza midomo. Kisha akaenda kuolewa, na dunia ikamficha.

Jumatatu Tanzila alimkuta nyuma ya meza ya duka pana lenye vitenge mpaka nje, mama mnene mwenye miwani iliyopandishwa juu ya kilemba. Walikumbatiana mpaka wateja wakageuka kutazama.

"Unakumbuka tulivyolala katikati ya marobota?" Mwanahamisi aliuliza akimsogezea kiti. "Mikindani nzima inatutafuta, baba yako anapita msikitini anatangaza, sisi tunakoroma!"

"Na wewe ndiye uliyechapwa," Tanzila alisema akicheka.

"Mimi ndiye niliyechapwa." Mwanahamisi naye alicheka, kisha kicheko kikapungua. "Nimesoma watu walivyoandika kuhusu mama yako na sharubati. Ni kweli. Nilikuwa naikoroga mimi. Lakini kikombe changu mwenyewe kilikaa dirishani, peke yake. Hakikuchanganywa na vyenu hata siku moja. Ulijua?"

Tanzila alifungua kinywa amtetee mama yake. Badala yake alikiona kile kikombe cha bati chenye ua jekundu. Alikuwa amekiona maisha yake yote ya utoto, na hakuwahi kujiuliza kwa nini kiko pale.

"Sikujua."

"Najua hukujua. Ulikuwa mtoto, na mimi nilikuwa mtoto. Mama yako alinishonea gauni kila Idi, na kikombe changu kikakaa dirishani. Yote mawili ni kweli. Sikuambii ili ulie. Tutashinda wote humu ndani, na sitaki uwe unakumbuka nyumba moja na mimi nyingine, halafu tunanyamaziana."

"Nisamehe, dada."

Mwanahamisi alishusha miwani, akamtazama. "Umeniita dada! Tangu kuzaliwa hujawahi. Kumbe dawa ilikuwa ufungiwe duka?"

Wakaangua kicheko, ingawa cha Tanzila kilikuwa na kwikwi ndani yake.

"Haya," Mwanahamisi alisema. "Kazi unaitaka au huitaki?"

"Naitaka."

Alianza siku ileile. Hakuna aliyehitaji kumfundisha mkasi. Lakini mengine alijifunza: kupiga picha za vitenge na kuzirusha kwenye simu, na kupokea maagizo ya wateja ambao hatawaona kamwe. Baadhi ya waliomkumbuka kwenye lile tangazo walikuja kumwona kwa macho. Walinunua, wakakaa, wakasimulia tena.

Jumapili moja duka lilipofungwa, Mwanahamisi alisema, "Twende Mikindani tukaitazame nyumba yenu."

Mikindani palikuwa kimya. Mlango wa duka ulikuwa na kufuli, na kwa upenyo walichungulia wakaona mifuko ya saruji imerundikwa pale zilipokuwa kanga. Wakazunguka nyuma. Paa la jiko la zamani lilikuwa limeanguka, na katikati ya sakafu umeota mpapai. Mwanahamisi aliingia, akasimama kitambo akitazama dirisha lisilo na ubao.

"Nililia sana humu," alisema. "Nikikumbuka nyumbani."

Tanzila alisogea, akasimama karibu naye.

"Na niliimba pia. Ule wimbo wa kutwangia, unaukumbuka?"

Mwanahamisi aliuanza kwa Kimakonde, sauti ya chini. Tanzila akadakia ubeti wa pili.

"Siyo hivyo," Mwanahamisi alimkatiza. "Ndege anakuja baadaye."

"Ulinifundisha ndege anakuja kwanza."

"Mimi? Wewe ulikuwa husikilizi!"

Walitoka wakibishana. Walinunua mihogo ya kukaanga kwa mama mmoja kando ya barabara, wakala wamesimama, chumvi na pilipili vidoleni, na mama yule alipoombwa aamue naye akauimba kwa namna yake ya tatu, ambayo haikuwa na ndege kabisa.