Siku Nne za Kumkanda Telon

Kijijini kwao, nje kidogo ya mji wa Klaten kisiwani Java, mtu akiteguka haulizwi anakwenda wapi. Anakwenda kwa Warsini. Wavuna mpunga walioanguka matutani, wacheza mpira, wanawake waliojifungua juzi, wote wamelala kwenye mkeka wake, wamelia kidogo, wamenyooka. Hospitali ni ya wenye homa. Basi Ijumaa ile paka wake Telon aliporudi akichechemea, mguu wa nyuma wa kushoto ameukunja haugusi chini kabisa, Warsini hata hakuhangaika.

"Huyu karuka vibaya," akasema. Akatwanga vitunguu vidogo vyekundu, akavichanganya na mafuta ya nazi. "Baba Ratri, njoo unishikie."

Sugeng, mumewe, alikuwa uani akimwogesha Lintang, ndege wake wa kuimba, maana Jumapili kulikuwa na mashindano ya ndege kuimba. Na siku za mashindano usimwambie Sugeng habari ya mtu wala nyumba, yeye ni ndege tu. Alikawia. Alipokuja akapiga magoti, akamshika paka shingoni.

"Ameteguka kweli?" akauliza.

"Miaka ishirini na sita nakanda watu, leo wewe ndiye wa kunifundisha kuteguka?"

"Haya. Ni kuteguka," akasema, na akamshika vizuri zaidi.

Warsini akaanza nyongani, akashuka na vidole gumba. Telon akapiga ukelele ambao Warsini hakuwahi kuusikia kwa paka. Hakushtuka. Watu wazima pia hupiga kelele kwenye mkeka ule, halafu kesho yake wanaleta ndizi za shukrani. Pajani, ndani ya manyoya, aligusa kigaga kidogo kama punje ya choroko.

"Kang'atwa na dume la jirani," akasema.

"Nadhani. Niliwasikia wakipigana," Sugeng akajibu, huku akimpapasa paka shingo kwa kidole kimoja.

Na kwa nini asimwamini? Huyu ndiye Sugeng aliyewahi kumgonga paka na pikipiki barabara ya sokoni, akavua shati lake papo hapo, kama mila ya kwao inavyomtaka aliyemuua paka, akamviringisha marehemu, akamzika, akarudi nyumbani kifua wazi mchana kweupe. Kijiji kizima kilisimulia. Warsini mwenyewe alisimulia kuliko wote, tena kwa maringo.

Jumamosi wakamkanda tena. Jumapili Lintang akashika nafasi ya tatu. Sugeng akarudi na kikombe cha ushindi, na jioni ile ile akamshika paka akandwe. Jumatatu paja lilikuwa limevimba, la moto, na Warsini akakanda kwa nguvu zaidi, maana uvimbe kwake ni kitu cha kufukuzwa. Jumanne Telon alikataa samaki, na mguu ukaanza kunuka.

"Nampeleka kwa daktari mjini," Warsini akasema.

"Daktari wa paka? Sisi wenyewe hatuendi. Mwache, atapoa."

Warsini akamtia Telon kapuni, akapanda pikipiki ya kukodi, akaenda peke yake.

Daktari alikuwa dada mmoja mpole, Wigati jina lake. Hakugusa mguu kwanza. Alimtazama paka akijaribu kusimama.

"Hukumpa vidonge vya maumivu vya watu, mama?"

"Hapana."

"Afadhali. Vingemuua. Hajaukanyagia tangu lini?"

"Ijumaa."

Wakapiga picha. Kwenye ile picha nyeusi mfupa wa paja ulikuwa vipande viwili vilivyopishana, na kando yake kitone cheupe, duara, kizuri kabisa.

"Hiyo ni risasi ya bunduki ya upepo," Wigati akasema. "Kwa kawaida huacha ufa. Ufa hutulia, paka akifungiwa mahali padogo asirukeruke, akapata dawa. Lakini huu umeachanishwa, na usaha umesukumwa mpaka ndani. Kuna mtu amemkanda?"

Warsini alitazama vidole vyake. Vilikuwa bado vinanukia kitunguu.

"Mimi," akasema.

Daktari hakumkaripia, na hilo ndilo lililomuuma. Alisema tu kwamba mnyama asiyekanyaga kabisa hakandwi, huletwa siku ile ile. Kwamba Ijumaa mguu ungepona. Na kwamba sasa inabidi ukatwe, upesi, ama Telon afe.

Warsini alirudi nyumbani na picha, bila paka. Njia nzima alikuwa akiwahesabu watu wenye bunduki, waliokuwa wakipiga shomoro mashambani, na kuwaapiza mmoja mmoja. Mumewe, ingawa naye bunduki yake ya upepo ilining'inia ukutani, hata hakuwa kwenye hesabu. Alipofika akaiweka picha mezani mbele ya mumewe.

Sugeng aliitazama. Hakuuliza kile kitone ni nini. Mtu asiyejua angeuliza.

Warsini akakaa chini.

"Alikuwa juu ya tundu la Lintang," Sugeng akasema hatimaye. "Nilitaka kumtisha tu, Mama Ratri. Nilielekeza pembeni."

"Na dume la jirani ulilolisikia?"

Sugeng akaigeuza picha kifudifudi.

"Ungesema Ijumaa. Ningekutukana, ningekununia mwezi mzima, mguu ungepona. Wewe umempiga mara moja. Mimi nimempiga siku nne, kwa mikono hii, na wewe unanishikia."

"Niliona aibu."

"Ukanipa mimi niifanye kazi yako."

Hakulia mbele yake. Alilia jikoni, kwa hasira, mpaka kwikwi.

Siku ya kumi Telon alirudi na miguu mitatu, ubavu umenyolewa. Warsini akamnyooshea mkono. Paka akalaza masikio, akamfokea, akajiburuta mpaka chini ya kitanda, na hata samaki hakumtoa.

Alasiri Sugeng alikuwa ameketi kizingitini. Telon akatoka, akaruka-ruka kwa mguu wake mmoja wa nyuma, akampita Warsini kwa mbali, akaenda kujilaza juu ya nyayo za Sugeng. Akaanza kukoroma kwa raha.

Sugeng akamtazama mkewe, akataka kuinuka.

"Usimwondoe," Warsini akasema. "Kaa hapo hapo. Anadhani aliyemuumiza ni mimi."